Farasi anakula lakini hanenepi, na kiherehere ndo kinazidi: nimlishe nini?

"Habari daktari. Mimi ni saisi huku Tigoni, nimekabidhiwa farasi jike, thorobredi (mbegu ya mbio) wa miaka 7, alikuwa anakimbia mbio pale Ngong halafu bosi akamnunua mwaka jana. Alikuja mwembamba na mpaka leo ni mwembamba, mbavu naziona nikiwa getini. Asubuhi nampa gorogoro moja (ule mkebe wa kupimia nafaka) ya mahindi ya kuvunja na nusu gorogoro ya pumba ya ngano, jioni hivyo hivyo. Robota la nyasi kavu ya boma rhodes linaenda siku mbili. Saa mbili anatoka padoki mpaka saa sita, hiyo padoki ni nyasi ya kikuyu lakini imeliwa imebaki vumbi. Saa zingine zote yuko bandani peke yake, anazunguka tu. Bosi anakuja Jumamosi na Jumapili kumpanda na anatoka naye mbio. Shida ni hii, nikiongeza mahindi anakuwa wazimu, anaruka, nikifunga mkanda wa tandiko anataka kuniuma, nikipunguza anakonda. Jirani anasema nimchanganyie chakula cha ng'ombe wa maziwa. Mwingine anasema nikimpa lusani, yale majani ya alfalfa, atapanda kichwa zaidi. Na bosi ameanza kuuliza kama chakula chote kinafika kwa farasi. Nifanye nini?"

Kaka, asante kwa kuandika vizuri hivi, maana wengi huniuliza tu "farasi wangu amekonda nimpe nini" basi, siambiwi anakula nini wala analala wapi. Wewe umenipa karibu kila kitu na jibu kubwa liko ndani ya maneno yako mwenyewe.

Nianze na lile la haraka kabla hujalala leo: chakula cha ng'ombe USIMPE. Wala cha kuku. Vyakula vingine vya ng'ombe na vya kuku vinatiwa dawa inaitwa monensini na ndugu zake, ng'ombe na kuku wanazivumilia lakini kwa farasi hata kiasi kidogo kinaharibu misuli ya moyo na anaweza kufa, na akipona moyo unabaki mbovu. Hata kama gunia halijaandikwa hivyo, mashine iliyosaga chakula cha kuku asubuhi inaweza kuwa ndo imesaga hicho mchana. Jirani yako ana nia njema lakini hapo amekosea kabisa, na kama kuna gunia la namna hiyo kwa hiyo stoo liweke mbali na la farasi mtu asije akachota usiku bila kuangalia.

Sasa tuje kwa shida yenyewe. Unaona kama una farasi wa kuchagua, ama mnene mwenye wazimu ama mtulivu mwenye mbavu. Sivyo. Nikisoma ulivyoandika, huyu jike hajakosa mahindi, amekosa nyasi, na kuna uwezekano mkubwa tumbo linamuuma. Mahindi unayomwongezea ili anenepe ndo yanaweza kuwa yanamkondesha na kumpandisha mori kwa wakati mmoja. Najua hiyo inaonekana kama kichekesho, ngoja nieleze.

Farasi ameumbwa kula kidogo kidogo karibu siku nzima na usiku. Mfuko wake wa tumbo ni mdogo ukilinganisha na mwili, lita 8 mpaka 15 hivi, na unatoa asidi saa zote awe anakula au hali. Sisi watu asidi yetu inaongezeka tukianza kula, yake haingoji. Kinachomwokoa ni mate, na farasi hatoi mate mpaka atafune. Kilo moja ya nyasi anaitafuna kama dakika 40, huo muda wote anameza mate yanayopunguza makali ya asidi, na nyasi yenyewe inakaa tumboni kama godoro juu ya hiyo asidi. Kilo ya mahindi ya kuvunja anaimaliza dakika chache sana, mate kidogo, hakuna godoro. Sasa piga hesabu ya usiku wake. Robota moja kwa siku mbili, tuseme lina kilo 12, ni kilo 6 kwa siku, kilo 3 jioni. Ukimpa saa kumi na moja, saa moja unusu au saa mbili usiku amemaliza. Kutoka hapo mpaka asubuhi ukirudi na ndoo ni kama masaa kumi na zaidi, tumbo tupu, asidi inamwagika, yuko peke yake anazunguka banda. Hata mimi ningeuma mtu.

Sehemu ya juu ya tumbo la farasi haina ule ute wa kuikinga na asidi. Ndo maana farasi wa mbio karibu wote wakiwa mazoezini wanakutwa na vidonda vya tumbo, ni kawaida sana kwa farasi aliyetoka uwanja wa mbio. Akipigishwa shoti tumbo likiwa tupu misuli inabana na asidi inaruka juu inachoma pale pale pasipo na kinga. Dalili zake si lazima aanguke na kugaagaa. Mara nyingi ni vitu vidogo: anauma au anakunja masikio ukifunga mkanda, anakula nafaka kidogo anaiacha anarudi baadaye, manyoya hayang'ai, anasaga meno, ana woga na hasira bila sababu, na hanenepi. Mimi sijamwona kwa hiyo siwezi kusema kwa hakika anavyo, ila huyo wako kwa hiyo listi ameshajitaja mwenyewe mara mbili tatu.

Halafu mahindi. Wanga wa mahindi yasiyopikwa ni mgumu kwa farasi. Utumbo mwembamba unasaga sehemu tu, unaobaki unateremka mpaka utumbo mpana ambako kazi ya pale ni kuchachusha nyuzinyuzi za nyasi taratibu. Wanga ukifika huko unachachuka kwa kasi, asidi inapanda, wale vijidudu wazuri wanaosaga nyasi wanakufa, sasa hata ile nyasi kidogo aliyokula haimfaidi. Ndo unakuta kinyesi laini kama cha ng'ombe, kinanuka uchachu, farasi hanenepi. Na wanga ule uliosagwa vizuri unaingia kwenye damu kama sukari kwa mkupuo, farasi mwenye damu ya mbio anakuwa kama amewashwa swichi.

Kiwango tunachokubaliana watu wa farasi ni kwamba mlo mmoja usizidi gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake, na ukishuka chini ya hapo ni vizuri zaidi. Gorogoro ya mahindi ni kilo 2 hivi. Karibu asilimia 70 ya mahindi ni wanga, yaani gramu 1,400 kwenye mlo mmoja. Farasi wa kilo 430 mwisho wake ni gramu 430. Umempa zaidi ya mara tatu, asubuhi na jioni. Na tafadhali usijilaumu, gorogoro ndo kipimo cha kila mtu, shida yake inapima ukubwa haipimi uzito. Gorogoro ya pumba haifiki hata kilo, ya mahindi ni kilo mbili, wewe unaona mikebe mwili wa farasi unaona kitu kingine. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, pima robota, pima lusani, pima mkebe wa kila kitu mara moja, andika ukutani na chaki. Utashangaa robota moja na lingine zinavyopishana.

Uzito wa farasi mwenyewe huhitaji mizani ya lori. Chukua futi kamba ya fundi nguo, zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, ipite pale mabega yanapoishia mgongoni, andika sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mbele mpaka ncha ya tako nyuma. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 11,880, unapata kilo. Mfano kifua 178 na urefu 160 inatoka kilo 427 hivi. Si sahihi mia kwa mia lakini ukipima wewe yule yule kila wiki mbili, siku ile ile asubuhi, utaona anaelekea wapi. Macho yanadanganya hasa ya mtu anayemwona kila siku, na ya bosi anayemwona wikendi yanadanganya kwa namna yake. Shika pia mwili kwa mkono. Kuna kipimo cha alama 1 mpaka 9 kilichotengenezwa Marekani na Henneke na wenzake mwaka 1983, kinatumika dunia nzima: 1 ni mifupa mitupu, 9 ni mafuta yanatingishika, farasi wa kupandwa tunamtaka 5, wa mbio wengi wanakaa 4. Mbavu zikionekana ukiwa getini, na uti wa mgongo na nyonga vimetokeza, huyo yuko 3 au chini.

Kabla sijakwambia ubadilishe chakula, kuna vitu vya kuondoa njiani kwanza, kwa sababu ukimwaga chakula kizuri kwa farasi mwenye meno mabovu ni pesa kwa choo. Meno ya farasi yanaota maisha yake yote na yanachongoka pembeni yanakata mashavu na ulimi. Angalia kama anadondosha vidonge vya nyasi alivyotafuna nusu, kama anainamisha kichwa upande akila, kama kinyesi kina mabua marefu. Anayerusha kichwa ukivuta lijamu watu wanamwita mkorofi, kumbe ni jino. Vet au fundi wa meno ya farasi ayasawazishe kwa tupa, na arudi angalau mara moja kwa mwaka. Minyoo pia: usimpe dawa kila mwezi kwa mazoea, minyoo inazoea dawa na huku kwetu dawa zenyewe si nyingi. Peleka kinyesi kibichi maabara wahesabu mayai ndo vet achague dawa. Na kwa sababu mko sehemu yenye kupe, mwambie vet aangalie damu kama kuna bilyari, ule ugonjwa wa kupe wa farasi. Kuna farasi anaubeba kimya kimya miaka, hana homa ya kuonekana, ila damu ni hafifu na hanenepi. Inua mdomo wa juu uangalie ufizi kila asubuhi, unatakiwa uwe wa waridi. Ukiwa mweupe au wa manjano usingoje ushauri wangu wala wa mtu yeyote, ita vet.

Hayo yakiwa yanashughulikiwa, sasa nyasi. Farasi anahitaji nyasi kavu kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, na chini ya asilimia moja unusu hatutaki kushuka kabisa. Kwa huyu ni karibu kilo 9, kwa lugha ya stoo ni robo tatu ya robota KILA siku, si nusu. Najua hiyo inamaanisha bosi atoe pesa ya nyasi mara moja na nusu ya sasa, lakini sikia hesabu hii: kilo 4 za boma rhodes nzuri zinampa nguvu karibu sawa na kilo 2 za mahindi. Kwa hiyo ukiondoa mahindi ukaweka nyasi hujampunguzia kitu, umebadilisha tu namna ya moto. Nyasi ni makaa, inawaka polepole utumboni usiku kucha na inampa joto, na baridi ya Tigoni mwezi wa saba wewe unaijua kuliko mimi.

Sehemu kubwa ya hiyo nyasi mpe jioni na usiku. Ukiweza kuongeza mara ya mwisho saa tatu au saa nne usiku, hapo umefanya kazi kubwa kuliko gunia lolote la kununua. Kama unalala mbali, mtundikie wavu wenye matundu madogo ili asimalize haraka, au gawa marundo matatu kwenye pembe za banda. Lengo asubuhi ukute zimebaki kidogo. Ukikuta zimeisha kabisa na farasi anakupigia kelele mlangoni, ongeza. Na nyasi yenyewe iwe nzuri: boma rhodes iliyokatwa imechelewa imekuwa mabua ya njano ni kama kumlisha ufagio, anajaza tumbo tu. Ikate kwa mkono, inuse, iwe na majani na rangi ya kijani, isiwe na vumbi la ukungu. Kwa nini nasisitiza boma rhodes na si kumkatia nepia au kumwacha akila kikuyu peke yake? Kikuyu ni nyasi ya kwetu hapa hapa na ng'ombe wanaipenda, ila ina kitu kinaitwa oksaleti kinachofunga kalsiamu farasi asiipate, nepia nayo vivyo hivyo. Pumba ya ngano ina fosforasi nyingi ambayo inazidi kuharibu hiyo hesabu. Farasi akikaa miezi mingi kwa kikuyu na pumba, mwili unaanza kuchukua kalsiamu kwenye mifupa, anachechemea leo mguu huu kesho ule, mwisho mifupa ya uso inavimba. Sisemi wako amefika huko. Nasema pumba ishuke iwe konzi chache za kuchanganyia vitu vingine, isiwe chakula.

Hapa ndo lusani inaingia, na yule rafiki yako aliyesema itampandisha kichwa tumsamehe kwa sababu hiyo imani iko kila banda, kuanzia Karen mpaka Gilgil. Lusani haina wanga mwingi. Ina protini nzuri ya kujenga ile misuli ya mgongo iliyopotea, na ina kalsiamu nyingi ambayo inasaidia kupoza asidi ya tumbo. Farasi wengi wanaosemekana wamepandishwa kichwa na lusani ukiuliza vizuri walikuwa wamekonda sana, wakapata nguvu kwa mara ya kwanza, wakakumbuka wao ni farasi. Kuna wachache kweli hawapatani nayo, basi utaona ndani ya wiki mbili na utapunguza. Anza na nusu kilo, fika kilo 2 kavu kwa siku. Na siku ya kupandwa, nusu saa kabla ya tandiko, mpe konzi mbili tatu za lusani. Farasi asipandwe tumbo lake likiwa tupu. Hili tu peke yake kuna farasi linambadilisha.

Mahindi punguza taratibu kwa siku 10 mpaka 14, usikate siku moja kwa sababu utumbo unahitaji muda wa kubadilisha wale vijidudu wake na haraka hapo inaleta msokoto wa tumbo. Mwisho wa safari mahindi yasizidi nusu kilo kwa mlo, yaani robo gorogoro, na kama bosi anaweza kununua peleti za farasi zenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta badala yake ni bora zaidi, au oti za kuponda kidogo ambazo wanga wake unasagika vizuri kuliko wa mahindi. Kama ni nafaka igawe mara tatu kwa siku, iwe midogo. Na mahindi yenye ukungu hata kidogo ni marufuku, hata kama mbuzi wanakula, kuna sumu ya ukungu wa mahindi inayoharibu ubongo wa farasi na hakuna dawa yake. Siku asipofanya kazi nafaka inapungua, nyasi haipungui. Farasi anayesimama Jumatatu mpaka Ijumaa na mahindi kamili, halafu Jumamosi anapigishwa shoti, siku moja misuli ya nyuma itakaza kama mbao na atasimama njiani anatoka jasho hawezi hatua. Hapo utalaumiwa wewe.

Kitu kinachonenepesha bila kuleta wazimu ni mafuta. Ndiyo, mafuta ya kupikia ya kawaida, ya soya au ya mahindi, mapya, si yale yaliyokaangiwa chips. Kikombe cha mililita 250 kina nguvu kama kilokalori 2,000, zaidi kidogo ya nusu kilo ya mahindi, na wanga ni sifuri. Anza na vijiko vikubwa vitatu juu ya chakula, ongeza kila baada ya siku tatu nne, ufike kikombe kimoja baada ya wiki tatu hivi. Wengine mwanzo wanakunja pua. Kinyesi kikianza kung'aa kama kimepakwa mafuta umeenda haraka, rudi nyuma. Ukishafika kikombe kizima mwambie vet aongeze vitamini E, kwa sababu mafuta mengi yanaitumia. Wenzetu wa Pwani wanaweza kutumia mashudu ya nazi, nayo yana mafuta na wanga kidogo, mradi hayanuki ukale. Huku juu si rahisi kuyapata na sioni haja ya kuyatafuta. Chumvi ya kawaida vijiko vikubwa viwili hivi kwa siku, maji safi saa zote, na madini ya farasi ya kopo kwa kipimo chake. Zile poda za "kutuliza farasi" zinazouzwa bei ya karo ya shule, ushahidi wake ni mwembamba sana, hiyo pesa inunue nyasi.

Lakini niwe mkweli, chakula hakitamaliza yote. Thorobredi ni mbegu ya kukimbia, na huyu wako anakaa masaa 20 kwa siku ndani ya banda peke yake. Kuzunguka banda ni kazi, anachoma alichokula. Ukiweza atoke padoki asubuhi mpaka jioni hata kama ni vumbi, mwekee nyasi pale nje chini, marundo mawili matatu atembee. Aone mwenzake. Kama hakuna farasi mwingine, mbuzi. Sicheki, watu wa farasi wa mbio wamefuga mbuzi mabandani tangu zamani kwa kazi hiyo hiyo, na kuna farasi ukimtoa mbuzi wake hali. Punda pia anafaa na ni rafiki mzuri, ila punda anaweza kubeba minyoo ya mapafu bila kuumwa akamwambukiza farasi, kwa hiyo apimwe kwanza. Katikati ya wiki mtembeze kwa kamba au mpande polepole nusu saa, siku tatu hivi, ili Jumamosi isiwe sherehe ya kutoka jela.

Kuhusu vidonda, kuna njia mbili. Ya kwanza vet anaingiza kamera ya bomba refu tumboni, farasi akiwa amefunga kula, anaona kwa macho. Hiyo ndo ya uhakika lakini ni ghali na si kila vet ana hiyo mashine. Ya pili, vet akiridhika na dalili anajaribu dawa ya kupunguza asidi, omeprazo ya farasi, kwa karibu mwezi, akiona amebadilika basi jibu limepatikana. Mimi sina shida na njia ya pili kama pesa ni kidogo, ila iwe vet, na usivunje vidonge vya omeprazo vya watu ukamwekea kwenye pumba, asidi ya tumbo inaiharibu kabla haijafanya kazi. Na kama kuna mtu anampa dawa za maumivu mara kwa mara kwa sababu ya miguu ya zamani ya mbio, mwambie vet, zile zinachimba tumbo. Dawa bila kubadilisha nyasi na usiku mrefu wa njaa, vidonda vinarudi.

La bosi. Naona ndo linalokukera kuliko farasi. Usibishane naye, mwonyeshe namba. Daftari moja: tarehe, kilo za nyasi, kilo za mahindi, mzunguko wa kifua, kinyesi kikoje. Piga picha ya pembeni kila wiki mbili, farasi amesimama mahali pamoja, na kivuli kisimpige. Mwambie, "bosi, daktari anasema farasi wa uzito huu anahitaji robo tatu ya robota kwa siku na sisi tunanunua nusu." Hapo hamna wizi, ni hesabu ya manunuzi, na aliyepanga manunuzi si wewe. Mwambie pia asitegemee muujiza. Kiherehere kinaweza kupungua ndani ya wiki mbili tatu, lakini kupanda alama moja ya mwili ni kama kilo 20 au zaidi, hiyo ni miezi miwili mitatu ya kula vizuri. Na anaweza kunenepa akabaki na machachari yake, hapo kazi ni ya mwalimu wa kupanda, si ya ndoo.

Vet aje wiki hii kwa meno, kinyesi na damu hata kama unaona anaendelea vizuri, kwa sababu aliyekonda mwaka mzima si wa kukisia kwa simu. Usiku huo huo mwite kama joto linapita 38.5, kama hajali chakula kabisa, anajitazama ubavuni au anapiga tumbo kwa mguu, hajatoa kinyesi tangu asubuhi, mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, au anahara. Ukishapima, niandikie mzunguko wa kifua, uzito wa robota lenu, na rangi ya ufizi, nitakupangia kilo za kila mlo.